Msichuje Sauti

Wanangu mliopangiwa kufundisha Sapiwi, nanyi mlio jirani Dutwa na kata nyingine za Bariadi, wenyeji watawaelekeza maji yanachotwa wapi na chumba cha kupanga kiko kwa nani. Mimi nina neno moja la kuwaachia, nalo linahusu muziki wa watoto. Nimefundisha kuimba katika shule za msingi za serikali tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu, katika madarasa ya kawaida na katika vitengo vya elimu maalumu, na sikuona tabia inayowaumiza watoto kimyakimya kama hii yetu ya kuwachuja.

Mnaijua, maana nanyi mlipitishwa humo. Taarifa inakuja kwamba mgeni rasmi atafika wiki ijayo, au mashindano ya UMITASHUMTA yamekaribia. Mwalimu anawapanga watoto uwanjani, anawaimbisha, kisha anapita katikati ya mistari akitega sikio kwa kila mmoja. Wewe baki. Wewe nenda. Muda si mrefu kumebaki watoto thelathini wanaoitwa kwaya, na kundi kubwa limetumwa kuchota maji na kufagia. Kuanzia siku hiyo muziki wa shule ni mali ya wale thelathini. Waliobaki watausikia kupitia dirishani.

Mtoto wa darasa la tatu aliyeambiwa hana sauti huzeeka na hukumu hiyo. Nakutana na watu wazima mnadani na misibani, wazazi wenye wajukuu, wananiambia, "Mwalimu, mimi kuimba siwezi." Ukiuliza nani kasema, anakutajia darasa alilokuwamo na hata mti aliosimama chini yake siku ile. Mtu huyo hamwimbii mtoto wake anapombembeleza, na kanisani anafungua mdomo bila kutoa sauti.

Tena tazameni ni nani huanguka kwanza kwenye chujio hilo. Ni mtoto asiyesikia vizuri. Ni yule ambaye miguu yake haimudu kusimama muda mrefu. Ni mwenye kigugumizi, na yule anayechelewa kuelewa maelekezo, na yule ambaye macho yake hayastahimili jua la uwanjani. Mwalimu anadhani anachagua sauti, kumbe amechagua watoto, na aliowaacha ni walewale wanaoachwa kila mahali pengine.

Walio wageni na Usukuma wajue wamefika kwenye nchi ya ngoma. Wazee wetu waligawanyika tangu karne ya 19 katika vyama viwili vikubwa vya wachezaji, Bagika na Bagalu, wakiwafuata mabingwa wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, pande mbili hukutana uwanja mmoja, kila upande na manju wake, ningi kama tunavyomwita kwa Kisukuma, na watazamaji ndio waamuzi: upande uliovuta umati mkubwa ndio ulioshinda. Kule Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, ambako Padri David Clement alianzisha Makumbusho ya Wasukuma, ngoma hizo hushindanishwa katika sikukuu ya Bulabo. Kwenye ngoma ya namna hiyo kuchagua ni halali. Manju anayekwenda kushindana hawezi kubeba kila mtu, na anayeingia uwanjani amekubali mwenyewe kupimwa.

Lakini hiyo si ngoma pekee tuliyo nayo. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Watu wanajipanga mstari mmoja kwenye shamba la mwenzao, ngoma zinapigwa, majembe yanapanda na kushuka kwa pigo moja, kiongozi anatoa wimbo na mstari wote unaitikia. Wapo hodari wa kurusha jembe juu na kulidaka, nao hushangiliwa. Hata hivyo aliye dhaifu hatolewi mstarini. Analima kidogo kuliko jirani yake, na pigo linamsaidia asibaki nyuma sana. Hakuna anayemwambia mwenzake anyamaze kwa sababu sauti yake ni kavu, maana wimbo ule kazi yake ni kulimaliza shamba kabla jua halijawa kali. Mmarekani Frank Gunderson alizikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma akazichapisha kitabuni mwaka 2010. Humo wamo wawindaji, wapagazi wa misafara, askari na wakulima, kila kundi na nyimbo zake. Watu hao waliimba kwa sababu walikuwa kazini pamoja, na aliyekuwa kazini alikuwa mwimbaji.

Shule zetu zilichukua ngoma ya mashindano, zikaiacha ya jembe nje ya geti. Ninachowaomba ni kuiingiza hiyo ya pili darasani.

Na hili la shule kurudi kwenye ngoma za wenyewe si geni. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge na kutangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza rumba na waltz, lakini gombe sugu, mangala au lele mama hawakuwahi hata kuzisikia. Leo mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo, kwa hiyo kipindi mnacho kwenye ratiba. Kilindeni. Mitihani ikikaribia, mwalimu wa Hisabati atakiomba, na wewe uliye mgeni utaona haya kukataa. Usigombane naye, mwalike aje akae nyuma ya darasa. Waambie watoto wa darasa la kwanza wapige makofi ya jina la kila mmoja wao, kofi moja kwa kila silabi, kisha wapige ma-ha-ra-ge, m-ti, ng'o-mbe. Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha KKK ataona hapohapo kwamba mtoto aliyeshindwa kuzigawa silabi ubaoni anazigawa kwa viganja. Nimewaona walimu wagumu wakilegea kwa kuliona hilo kwa macho yao, na baadaye ni wao walionikumbusha kipindi changu.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe.

Anzeni na sauti ya mtoto, si yenu. Wanaume hasa nisikilizeni: ukianzisha wimbo kifuani mwako, watoto ama watanguruma, ama watarukia juu na kuanza kupiga kelele, na kelele hizo tumezizoea mpaka tunaziita kuimba. Sauti ya mtoto mdogo ina nafasi fupi, na nafasi hiyo iko juu kuliko yako. Mteue mtoto mtulivu aanzishe, nawe ufuate. Yule anayetoka nje ya sauti, usimnyamazishe. Mara nyingi hajui bado kusikia kwamba sauti mbili zimekutana. Mwite karibu, mwombe atoe mlio wowote anaoupenda na aushikilie, kisha wewe mwalimu uufuate mlio wake. Atashtuka, maana huenda ni mara yake ya kwanza kusikia sauti ya mtu mwingine ikilingana na yake. Kuanzia hapo mvute taratibu, juu kidogo, chini kidogo. Mkalishe katikati ya wawili wanaoshika sauti vizuri na umpe muhula mzima. Wachache sana hubaki walipokuwa.

Wafundisheni pia sol-fa, hata kama mnaijua kidogo. Hizi do, re, mi ambazo wanakwaya wetu huziandika kwa herufi ubaoni zilianza kwa ajili ya watoto. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich huko Uingereza, ndiye aliyeweka mwanzo wake, na John Curwen akaueneza utaratibu huo katika karne ya 19, pamoja na alama za mkono kwa kila sauti. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake ndiyo ya wimbo wetu wa Taifa, na aliuandika kwa sol-fa. Waambieni watoto hilo. Paredi inaposimama asubuhi, wanaimba kazi ya mwalimu wa shule, mtu aliyekuwa na ubao na wanafunzi kama walivyo wao. Mkiwa na muda mdogo, anzeni na sauti mbili tu, so na mi, ambazo watoto wenyewe huzitumia wakiitana mchezoni. Do iwe mkono usawa wa kiuno, kila sauti inayofuata ipande, mpaka do ya juu ifike usawa wa paji la uso. Mtoto asiyejua kusoma ataufuata mkono.

Kuhusu vyombo, msingoje halmashauri. Mzazi mwenye ngoma kuukuu nyumbani yupo katika kila kitongoji, na akiombwa kwa heshima huitoa. Wakati wa masika ngozi hulegea na mlio hufa; ianikeni juani au isogezeni karibu na moto, si karibu mno isije ikapasuka. Dumu la lita 20 likigeuzwa lina sauti nene nzuri. Vizibo vya soda vikitobolewa na kupitishwa kwenye waya vinatoa mlio wa njuga, na kibuyu kikavu chenye mbegu ndani kinatosha kabisa. Panga chupa tupu za soda mezani, tia maji kidogo katika ya kwanza na uongeze katika kila inayofuata, kisha waache watoto wazigonge kwa kijiti: yenye maji mengi inatoa sauti ya chini zaidi. Halafu waambie wapulize mdomoni mwa chupa zilezile. Sasa yenye maji mengi inatoa sauti ya juu zaidi. Waulizeni kwa nini, na msiharakishe kuwajibu. Darasa langu liliwahi kubishana juu ya jambo hilo mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia, na walikuja kesho yake wakiwa wamejaribu kwa chupa za dukani kwa jirani. Chupa na maji yaliyomo vinatikisika pamoja unapogonga. Unapopuliza, kinachotikisika ni hewa iliyobaki juu ya maji. Waliligundua hilo wenyewe, wakiwa na mimi pembeni.

Sasa nakuja kwa watoto ambao kwa ajili yao hasa nimeshika kalamu.

Wazazi wengi wa huku wakipata mtoto mwenye ulemavu husikia habari za Buhangija kule Shinyanga, au Mitindo kule Misungwi, wakadhani shule ya mtoto wao iko mbali na hapa. Shule hizo zimefanya kazi kubwa na zinastahili heshima. Lakini Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyo haki ya kusoma na wenzake, na ukweli ni kwamba wengi wako hapa hapa, katika madarasa yetu yaliyojaa, wakiwa wamekaa nyuma. Wengine wako majumbani na hawajaandikishwa. Wachache kati yenu mmepita Patandi kusomea elimu maalumu. Walio wengi hamkupita. Msiogope kuanza. Muziki ni somo ambamo mwalimu asiye mtaalamu anaweza kumfikia mtoto huyu mapema kuliko katika somo jingine lolote, kwa sababu hakuna jibu la kukosea katika pigo la kwanza.

Nilikuwa na mtoto kiziwi aliyezoea kusimama dirishani kila kipindi cha kuimba. Hakuna aliyemfukuza, alijiondoa. Siku moja nilimkalisha juu ya dumu tupu, nikailaza ngoma kubwa ikigusana nalo, nikapiga. Aliangalia chini ya miguu yake. Nikapiga tena. Akaweka viganja vyote viwili ubavuni mwa dumu, akavua kandambili, akakanyaga sakafu kwa nyayo tupu. Nilipoendelea, kichwa chake kilianza kuitika kwa wakati, na darasa likanyamaza likimtazama. Kabla muhula haujaisha, yeye ndiye aliyekuwa akishika pigo la darasa zima. Wenye kusikia huyumbishwa na makosa ya jirani. Yeye alifuata ngoma na mkono wangu tu.

Hilo si ajabu. Evelyn Glennie wa Uskoti, ambaye alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake alipofika miaka 12, amekuwa mpigaji mashuhuri wa ngoma na ala za kugonga duniani, na hupiga akiwa peku ili aupate mtikisiko kupitia miguu. Kwa hiyo mkiwa na mtoto kiziwi, mwekeni karibu na ngoma nene, kwa kuwa sauti za chini huhisiwa mwilini kuliko zile nyembamba. Msisimame na jua mgongoni, maana uso wenu unakuwa giza naye anaisoma midomo na macho. Jifunzeni maneno ya wimbo kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, mkifundishwa na kiziwi mwenyewe kama yupo, kisha darasa lote liuimbe kwa mikono. Watoto wanaosikia hulipenda zoezi hilo mno, na baada ya wiki mbili utawaona wakiongea naye wakati wa mapumziko.

Mtoto asiyeona huchujwa kwa namna nyingine. Tunamfanya mwimbaji daima, tunamsifu kwa sauti, tunamsimamisha mbele, kisha wenzake wanapocheza tunamwacha amesimama palepale. Mfundisheni kucheza. Mpeni ngoma aipapase yote kabla haijapigwa, ngozi, kamba, vigingi na ubavu. Mnapomwonyesha mwendo, msimkamate mkono na kuuvuta. Wekeni mkono wenu chini ya wake, yeye aufuate na aache anapotaka. Mchezaji mmoja avae njuga mguuni na asimame mbele yake, naye atajua mstari umeelekea wapi.

Mwenye usonji anaweza kuumizwa na kelele ambazo sisi hatuzioni kuwa ni kelele. Akiziba masikio, si utovu wa adabu. Mwambieni kabla ngoma haijaanza, pigeni polepole kwanza, na mumruhusu akae karibu na mlango mpaka atakaposogea mwenyewe. Kipindi kianze kwa wimbo uleule kila mara na kiishe kwa wimbo uleule, ili ajue kinachokuja. Mwenye ulemavu wa akili mpeni jambo moja kwa wakati mmoja na mlirudie bila kuchoka. Wimbo wa kunawa mikono, wa siku za wiki, wa kuhesabu mpaka kumi, humsaidia kukumbuka mambo ambayo maelezo matupu hayakumsaidia. Mwenye mtindio wa ubongo mfungeni njuga kwenye kiungo kile anachokimudu, kiwe ni kifundo cha mguu au cha mkono, na darasa zima lipunguze mwendo limngoje. Naye mwenye kigugumizi mpeni ubeti wa kiongozi. Wengi wanaokwama wakizungumza hawakwami wakiimba, na mtoto aliyechekwa asubuhi akisoma kwa sauti anastahili kusikika mchana akiongoza wenzake.

Watoto wenye ualbino nawataja kando, kwa sababu Kanda ya Ziwa ina deni kwao. Mnajua mauaji na ukatili waliofanyiwa watu wenye ualbino katika mikoa hii, na jinsi baadhi ya watoto walivyolazimika kuondolewa nyumbani ili walale mahali salama. Mwaka 2017 ilitoka albamu iitwayo White African Power, iliyoimbwa na watu wenye ualbino wa kisiwa cha Ukerewe chini ya jina la Tanzania Albinism Collective, nyimbo walizozitunga wenyewe kuhusu maisha yao. Wengi wao hawakuwa waimbaji kabla ya hapo. Nikiifikiria albamu hiyo huwa najiuliza walisoma shule zipi, na kama kuna mwalimu aliyewahi kuwaomba waimbe. Ninyi waombeni. Kipindi kifanyike kivulini, si katikati ya uwanja saa sita mchana. Mtoto avae kofia na mikono mirefu. Maneno ubaoni yaandikwe makubwa naye akae mbele. Na mazoezi ya kwaya yasivuke jioni. Watoto wote waondoke kwa makundi kukiwa bado kweupe, na mjue nani anarudi na nani. Wimbo wowote unaweza kungoja kesho.

Nina ombi moja gumu hapa. Msiwatumie watoto hawa kuwaliza wageni. Mgeni rasmi akifika, mtoto mwenye ulemavu aimbe akiwa ndani ya kundi, mahali ambapo angekuwa siku ya kawaida, akifanya alichokizoea. Akiongoza, aongoze kwa sababu ni zamu yake. Nimeona mtoto akipewa kipaza sauti, akatunzwa noti, kila mtu akafuta machozi, na kesho yake akarudi kukaa nyuma ya darasa bila wa kumfundisha. Mtoto yule alikuwa na akili za kutosha kuelewa alichofanyiwa.

Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi, na wengi husema hivyo kuwadharau watoto. Mimi naichukua kama ratiba ya kazi. Umakini wa mtoto wa darasa la kwanza ni mfupi, kwa hiyo kipindi chenu kiwe na vipande vidogo: kuitikiana kidogo, kusimama na kucheza, kukaa na kusikiliza, kisha mchezo wa makofi, basi. Ni heri dakika kumi kila siku kuliko saa mbili za Ijumaa. Darasa la watoto mia moja mligawe: mstari mmoja ushike pigo, wa pili uimbe, wa tatu ucheze, kisha mbadilishane. Asiwepo mtoto asiye na kazi.

Waiteni wazee. Msione haya kwamba ninyi mna cheti na yule bibi hana. Mwamkieni, mwadila mama, mketi, mumwombe afike shuleni siku moja afundishe wimbo wa kulimia au wa kutwanga, na mumpokee kama mnavyompokea mthibiti ubora. Lakini kaeni naye kwanza nyumbani kwake muusikie wimbo wote pamoja na maana yake. Zipo nyimbo zetu za mapacha zenye matusi ya kimila, na zipo za Bagika na Bagalu za kusutana, ambazo mahali pake si darasani, na wazee wenyewe watawaambia hivyo. Wapo pia wazazi wanaoihofia ngoma kwa sababu wanaihusisha na dawa za mashindano. Msiwabeze. Waalikeni waone ngoma ya shule ilivyo, kwamba ni jembe, wimbo na watoto wao. Na watoto wakija na nyimbo walizozitoa kwenye simu, zisikilizeni kabla ya kuzikataza. Pigo lake mara nyingi mtalifundishia vizuri, maneno mkatunga yenu.

Mtahamishwa siku moja, ndivyo kazi yetu ilivyo. Mnapohamishwa, muziki wa shule huwa unaondoka na mwalimu, na anayekuja anaanza kwa kuwapanga watoto uwanjani na kutega sikio. Kwa hiyo tangu wiki yenu ya kwanza fungueni daftari. Andikeni kila wimbo mnaofundisha, maneno na sol-fa yake, na jina la mzee aliyewapa. Andikeni kila mtoto anafanya nini: huyu hushika ngoma kubwa kwa mkono wa kushoto, huyu huanzisha nyimbo za asubuhi, huyu hukaa karibu na mlango mpaka wimbo wa pili, huyu asiachwe atembee peke yake jioni. Daftari hilo lisikae nyumbani kwenu. Liwekeni ofisini pamoja na ufunguo wa kabati la ngoma, na mumwonyeshe mwalimu wa darasa la kwanza mahali lilipo.